Uchambuzi wa kisa: wingu la Raskazone na safu ya baridi kuliko zote angani

Usuli

Kisa kimetokea Tanga mjini, mwezi wa kwanza, kwenye klabu ya sayansi ya sekondari moja. Majina ya watu, ya shule na ya grupu nimeyatoa, na vitu vidogo vya kumtambulisha mtu nimevibadilisha, ila saa, pembe na hesabu ni zilezile maana hizo ndio kisa chenyewe. Naandika kwa ajili ya walimu na walezi wa klabu kama hii, na kwa yeyote ambaye simu yake inapokea video ya "maajabu angani" kila baada ya wiki.

Klabu ina wanafunzi wa kidato cha pili mpaka cha nne, mlezi ni mwalimu wa fizikia, mimi nawasaidia jioni. Muda ule walikuwa wametoka kusoma safu za anga. Safu ya chini kabisa kila mtu wa Tanga anaijua hata bila darasa, ukipanda gari ya Lushoto unaanza kutafuta sweta kabla hujafika Soni, kwa wastani kila kilomita moja ya kupanda joto linashuka nyuzi 6 na nusu hivi. Inaenda hivyo mpaka kama kilomita 17 kwa ukanda wetu, pale ni nyuzi 80 hivi chini ya sifuri. Halafu mambo yanageuka, ozoni inafyonza miale ya jua na joto linapanda tena, kwenye kilomita 50 unakuta ni kama nyuzi sifuri tu. Kutoka hapo unaingia mesosfia, joto linashuka upya mpaka ufike mpaka wake na themosfia, safu iliyo juu yake, mpaka huo unaitwa mesopozi, kati ya kilomita 85 na 100, na hapo ndio baridi kuliko mahali popote kwenye anga la dunia hii. Ardhini rekodi ya baridi ni nyuzi 89.2 chini ya sifuri, kituo cha Vostok kule Antaktika, tarehe 21 Julai 1983. Mesopozi ya juu ya ncha za dunia inashuka mpaka karibu nyuzi 140 chini ya sifuri.

Lililowakamata watoto ni kwamba kwenye baridi ile kunatokea mawingu. Mvuke wa maji uliopo kule ni kidogo sana, ila baridi ikizidi unaganda juu ya vumbi linaloachwa na vimondo, kwenye kilomita 83 hivi, na kwa sababu ya urefu ule mawingu yanaendelea kupigwa na jua wakati huku chini giza limeshaingia. Yanang'aa meupe ya kibuluu, yana mistari kama mawimbi. Watu walianza kuyaandika mwaka 1885, miaka miwili baada ya volkano ya Krakatau kulipuka, kipindi ambacho wengi Ulaya walikuwa wanakodolea macho anga la jioni kwa sababu ya machweo mekundu. Mjerumani Otto Jesse akayapiga picha kutoka sehemu mbili tofauti kwa wakati mmoja, akapiga hesabu ya pembe, akapata kama kilomita 82. Kwa kamera za wakati ule! Hiyo stori mwalimu aliwasimulia kwa hisia kabisa, na nina uhakika ndio iliyoleta yote yaliyofuata.

Kilichotokea, kwa mfululizo

Jioni ya siku ya kisa wanafunzi kadhaa walikuwa ufukweni Raskazone wanacheza mpira. Jua likazama. Muda mfupi baadaye kijana mmoja wa kidato cha pili akaona juu ya mji, upande ule jua lilikozamia, wingu jembamba lina mistari mistari, jeupe limeingia ubuluu, linang'aa kuliko kila kitu angani wakati mawingu mengine ya chini yameshakuwa meusi. Akarekodi vipande kadhaa vya video. Likang'aa, likapungua, likawa rangi ya jivu, mwisho likabaki mstari mweusi mbele ya wekundu uliobaki.

Kabla hajafika nyumbani video ilishaingia kwenye grupu la WhatsApp la klabu na kapsheni kwamba haya ndio mawingu ya safu ya baridi kuliko zote, yameonekana Tanga kwa mara ya kwanza. Wenzake wakashangilia. Mmoja akaitupia stetasi, mzazi akaichukua akaipeleka grupu la mtaa, na huko kapsheni ikabadilika, kuna waliosema moshi wa roketi, kuna waliosema mionzi, kuna mama mmoja akaandika kwa hofu ya kweli kabisa kwamba watoto wasitoke nje jioni. Usiku uleule ukurasa mmoja wa habari za mkoa ukamtafuta kijana moja kwa moja, unataka video na "maelezo ya mtaalamu" ili waposti asubuhi.

Kijana akampigia mwalimu. "Shikamoo mwalimu, samahani kwa usiku, wanataka video ya wingu, niwape?"

Hapo ndio kisa kinapoanza kwa maana ya maamuzi.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza wa mwalimu ulikuwa kusubiri. Hakusema ni kweli, hakusema ni uongo, alimwambia "marahaba mwanangu, wape salamu, waambie kesho jioni tutakuwa na jibu". Aliogopa kwamba likishatoka na jina la shule, mtoto wa miaka kumi na tano ndiye atabeba matusi yote likigeuka kuwa si lenyewe, na naona alikuwa sahihi kwa asilimia mia.

Uamuzi wa pili, kesho yake asubuhi, ni kwamba klabu haitaanza na swali la "hili ni nini". Itaanza na "liko juu kiasi gani". Hapa nataka kukaa kidogo maana ndio moyo wa kisa. Ukianza na ni nini, unalinganisha sura, na kwa sura wingu lile lilikuwa linafanana na picha za intaneti kupita kiasi, mistari ipo, ubuluu upo, kung'aa kupo. Mawingu ya manyoya, yale membamba ya barafu yanayokaa kilomita 10 mpaka 15 hivi, nayo yana mistari na nayo yanang'aa jua likishazama. Sura haiwezi kuyatenganisha. Urefu unayatenganisha bila ubishi, huyu yuko kilomita kumi na kitu na yule yuko 83.

Uamuzi wa tatu ulikuwa kijana aliyerekodi ndiye aongoze upimaji. Wakubwa wa kidato cha nne walitaka kuchukua wao, mwalimu akakataa, akasema aliyeona ndiye shahidi na shahidi hafukuzwi kwenye kesi yake.

Wakaorodhesha mambo ya kutafuta: saa wingu lilipoanza kufifia na saa lilipozimika, lilikuwa upande gani, na lilikuwa juu ya upeo wa macho kwa ngumi ngapi. Ngumi iliyokunjwa ukinyoosha mkono wote ni kama digrii 10, haihitaji kifaa. Wakarudi Raskazone kusimama palepale, kijana akaonyesha kwa kufuata paa la jengo na mnazi vilivyotokea kwenye video: ngumi moja na nusu, yaani digrii 15 hivi, upande wa magharibi umeelemea kusini kidogo.

Shida ya saa

Kwenye simu, video ambayo wingu limeshakuwa jivu ilionyesha saa 1:12 usiku. Video ile iliyozunguka mitaani haikuwa na msaada wowote, ikishapita WhatsApp inabeba saa ya kutumwa, kwa hiyo ilibidi warudi kwenye faili la asili ndani ya simu ya kijana. Na simu yenyewe ikawa na kasoro, alikuwa amezima saa ya mtandao akaiweka kwa mkono kwa ajili ya gemu.

Aliyeokoa jahazi ni binti wa kidato cha tatu. Akasikiliza vipande vyote, hata vile vya mpira kabla ya wingu, na kwenye kimoja nyuma ya kelele za watoto inasikika adhana ya magharibi inaanza. Simu inasema 12:53. Wakaenda msikiti wa jirani kumuuliza mzee muadhini, na mzee akawaonyesha ratiba ya swala ukutani: siku ile jua lilizama 12:44, na yeye anaadhini 12:46 kwa tahadhari ya dakika mbili, saa yake anailinganisha na redio kila siku. Kwa hiyo simu ilikuwa mbele dakika 7. Wingu lilizimika 1:05, dakika 21 baada ya jua kuzama, na lilianza kufifia kama dakika ya 15.

Mzee aliwapa na jambo jingine bila wao kuuliza. Alisema lile wingu na yeye aliliona akitoka kuswali, na akamalizia: "Isha ilipoingia hapakuwa na kitu, anga safi." Hilo tutalirudia.

Hesabu ya kivuli

Jua likizama kwako halijazama kwa kilichopo juu yako. Kivuli cha dunia kinapanda angani kama maji ya kujaa, kinafunika kwanza vya chini, halafu vya kati, halafu vya juu kabisa. Ukijua jua limeshuka digrii ngapi chini ya upeo, unajua kivuli kimefika wapi: chukua nusu kipenyo cha dunia, kilomita 6,371, gawa kwa kosaini ya pembe ile, halafu toa 6,371.

Kwa Tanga, latitudo 5 kusini, jua linashuka karibu wima, Januari ni kama digrii 0.23 kwa dakika, na wakati wa kuzama kwenyewe kitovu chake tayari kiko digrii 0.8 chini kwa sababu anga linapinda mwanga, na kuzama kunahesabiwa ukingo wa juu wa jua ukitoweka. Dakika 21 zinakupa digrii 5.7. Weka kwenye hesabu, unapata kilomita 32 hivi.

Maana yake ni moja tu. Saa 1:05 kila kitu juu ya Tanga kilichokuwa zaidi ya kilomita 32 kilikuwa bado kinapigwa na jua. Wingu lilikuwa limezimika. Basi lilikuwa chini ya hapo.

Mmoja akauliza, kwa haki kabisa, je mwanga unaopita karibu na ardhi haudhoofiki na vumbi na unyevu kabla haujafika kwenye wingu? Unadhoofika, kwa hiyo kivuli kinachoonekana kiko juu kidogo ya kile cha hesabu. Mwalimu akasema ongezeni kilomita kumi kwa usalama. 42. Bado nusu ya 83. Wakarudia hata kwa saa ile mbovu ya simu, dakika 28, digrii 7.3, wakapata kilomita 52. Jibu halibadiliki ila nafasi ya kuvumilia makosa inapungua sana, na hapo wote waliona kwa nini ile adhana ilikuwa na thamani.

Sasa rudi kwa mzee. Mawingu halisi ya kule juu kwa kawaida yanaonekana vizuri jua likiwa kati ya digrii 6 na 16 chini ya upeo. Yaani lile la Raskazone lilikufa wakati ambao mawingu ya mesopozi ndio kwanza yangekuwa yanaanza kujitokeza. Kwa ukanda wetu digrii 16 ni zaidi ya saa nzima baada ya magharibi, karibu na kuingia isha, na mpaka muda huo yangekuwa yanawaka upande wa machweo, huku nyota zimeshatoka. Mzee kasema hapakuwa na kitu.

Muheza

Ushahidi wa kivuli ulitosha, ila kuna kilichokuja kuupigilia msumari na sisi hatukukitafuta. Shangazi wa mwanafunzi mmoja anakaa Muheza, aliiona video kwenye grupu la ukoo akajibu kwamba hilo wingu na wao waliliona "limekaa katikati ya anga, shingo ikauma". Mwanafunzi akampigia akamwomba aoneshe kwa ngumi, shangazi mtu mwelewa akatoka uani na jirani yake wakapima: ngumi nne, mmoja akasema nne na nusu.

Januari kutoka Tanga jua linazama upande uleule wa Muheza, na Muheza iko kama kilomita 35 kwa mstari ulionyooka. Kitu kikiwa digrii 15 kutoka Raskazone na urefu wake ni kilomita 13, kipo mbali kilomita 48 hivi kwa ardhini, kwa hiyo aliye Muheza kinambakia kilomita 13 tu mbele, anakiona digrii 45. Ngumi nne na nusu! Kingekuwa kilomita 83, kingekuwa mbali karibu kilomita 300, na mtu wa Muheza angekiona karibu na usawa uleule wa Tanga, ngumi moja na nusu na kidogo, hakuna shingo ya kuuma. Ni njia ileile ya Jesse, sehemu mbili na pembe mbili, imefanywa na shangazi uani kwake. Mimi hili limenifurahisha kuliko yote.

Hoja ya roketi ilipita haraka. Babu mmoja alikumbushia jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, na kweli lilikuwepo, Waitaliano walirusha pale roketi na satelaiti, ile ya Uhuru ilipaa kutoka pale tarehe 12 Desemba 1970, na baadhi zilikwenda kupima hewa ya juu ya ikweta. Ila mrusho wa mwisho wa satelaiti pale ulikuwa 1988, na Malindi iko kaskazini yetu, wingu lilikuwa magharibi.

Kwa nini hapa hayawezi kutokea

Watoto walikubali kwamba si lenyewe, ila hawakuridhika. Swali lao lilikuwa zuri: kama safu ile ipo juu ya dunia nzima, na ni ya baridi, kwa nini mawingu yake yasitokee Tanga hata siku moja? Wengi walijibu wenyewe "kwa sababu sisi tupo ikweta, joto". Jibu hilo linaonekana la akili na si sahihi, maana mesopozi haifuati joto la ardhini. Juu yetu, kwenye kilomita 100 hivi, ni nyuzi 90 mpaka 100 chini ya sifuri, baridi kuliko Vostok.

Jambo gumu kumeza ni kwamba mesopozi ya baridi kupita zote iko juu ya ncha ya dunia wakati wa kiangazi chake, wakati jua halizami kabisa. Juni na Julai ni ncha ya kaskazini, Desemba na Januari ni ya kusini. Kwa hiyo jioni ileile ya Raskazone, baridi kali kuliko zote katika anga ilikuwa juu ya Antaktika, juu ya barafu inayopigwa na jua masaa 24, na wakati huohuo mesopozi ya ncha ya kaskazini iliyo gizani ilikuwa na joto kuizidi.

Sababu ni mwendo wa hewa. Milima, ngurumo na pepo za huku chini zinatikisa hewa na kutengeneza mawimbi yanayopanda. Kadiri yanavyopanda hewa inakuwa nyepesi, mawimbi yanakua, mwisho yanavunjika huko kilomita 80 mpaka 100, na yakivunjika yanaisukuma hewa itoke upande wa ncha yenye kiangazi kwenda ile yenye majira ya baridi. Pengo linalobaki juu ya ncha ya kiangazi linajazwa na hewa inayopanda kutoka chini, hewa ikipanda inatanuka, ikitanuka inapoa. Inapoa hasa, makumi ya nyuzi chini ya pale ambapo jua peke yake lingeiacha. Upande wa pili hewa inashuka, inabanwa, inapata joto.

Halafu kuna hewa ukaa. Huku chini inazuia joto lisitoke, tunaijua kwa ubaya huo. Kule juu hewa ni nyepesi mno hivyo joto inalolitoa linakimbilia anga za mbali bila kuzuiwa, kwa hiyo hewa ukaa ileile inapoza. Ndio maana inavyoongezeka, ardhi inapata joto na mesosfia inazidi kupoa na kunywea. Mwalimu alitumia kipindi kizima kwa hili peke yake na sidhani kama alipoteza muda.

Kupata barafu kwenye kilomita 83, joto linabidi lishuke kama nyuzi 120 chini ya sifuri au zaidi, kwa sababu mvuke ni kiduchu. Juu ya Tanga kwenye urefu ule halifiki huko. Kwenye kilomita 100 ambako kwetu ndio baridi zaidi, mgandamizo wa hewa hauzidi sehemu moja ya milioni ya ule wa ufukweni, mvuke ndio hamna kabisa wa kuganda. Mawingu yale makao yake ni latitudo za 50 kwenda juu, mara chache sana yameonekana chini ya 40. Sisi tuko 5. Satelaiti ya Marekani iitwayo AIM, iliyorushwa 2007 mahsusi kwa ajili ya mawingu haya, ilikuwa inayapiga picha yakiwa yamejikusanya kama kofia juu ya ncha za dunia.

Matokeo

Jioni ya ahadi, kijana mwenyewe aliwapigia wale wa ukurasa wa habari, akawaambia ni wingu la barafu la kawaida la juu, na akawaeleza walivyojua. Hawakuposti. Kwenye grupu la mtaa mwalimu aliweka maelezo marefu yenye hesabu, na kwa kweli hayakusomwa, watu waliendelea kufowadi ile ya mionzi. Kesho yake binti wa adhana akarekodi sauti ya dakika moja: wingu lilizimika mapema mno, shangazi wa Muheza aliliona karibu na utosi, kwa hiyo lilikuwa karibu na sisi na ni barafu tu, watoto watoke nje. Hiyo ndio iliyosambaa. Yule mama aliyeogopa akajibu "ahsanteni wanangu, Mungu awabariki", na kwangu jibu lile lina uzito kuliko posti yoyote.

Klabu iliendelea kuangalia jioni nyingine za kaskazi, na mawingu ya manyoya yakawa yanazimika muda uleule, kati ya dakika 15 na 25 baada ya jua kuzama. Sasa wanaweza kukuambia bila kupiga hesabu.

Kilichofanya kazi na kilichofeli

Kusubiri siku moja kulifanya kazi kwa sababu kulikuwa na ahadi ya saa ndani yake. Mwalimu angesema tu "acheni kwanza", kijana angetuma usiku uleule, najua vijana wa umri huo. Kumpa kijana uongozi nako kulifanya kazi: aliyekuwa na hamu kuliko wote wingu liwe la mesopozi ndiye aliyepiga hesabu iliyolikataa, na alipoitangaza hakuna aliyeweza kumcheka.

Kuanza na urefu ndio uamuzi uliobeba kisa chote. Grupu lingekuwa bado linabishana kuhusu rangi mpaka leo.

Kilichofeli kwanza ni ushahidi kutokutunzwa. Kipande kimoja cha video, kile cha wingu likiwa linaanza kufifia, kilifutwa ili simu ipate nafasi, kwa hiyo ile dakika ya 15 inategemea kumbukumbu ya watu waliokuwepo, tofauti na dakika ya 21 ambayo ipo kwenye faili. Pili ni kipimo cha Muheza, kilichukuliwa siku ya pili kwa kukumbuka, na kumbukumbu ya pembe inapotoka kirahisi. Kama kingesimama peke yake nisingekubali kitumike. Kimekubalika kwa sababu kivuli kilishatoa jibu kivyake, na tofauti ya ngumi moja na nusu na nne si ndogo. Tatu ni yale maelezo marefu ya grupu. Hesabu zilikuwa sahihi, ila mtu mwenye hofu anataka kwanza kujua kama mwanawe yuko salama, kosaini inakuja baadaye.

Na kuna pengo la ufundishaji ambalo kisa kimelifichua. Watoto walifundishwa mesopozi kupitia mawingu ambayo hawatayaona wakiwa Tanga, wakati kuna kitu cha safu ileile wanachokiona kila usiku usio na mawingu: vimondo. Vingi vinawaka kati ya kilomita 80 na 110, yaani palepale. Vinaacha chembe za sodiamu na chuma, na wanasayansi wanarusha mwanga wa leza kwenye ile sodiamu kupima joto la kule, maana puto hata lililopanda juu kuliko yote halijafika kilomita 55, satelaiti haziwezi kuzunguka chini kiasi kile, na roketi inapita kwa dakika chache tu. Mtoto aliyelala mchangani Raskazone akaona kimondo, ameiona mesopozi ya kwao.

Kwa hiyo mpango wa klabu sasa ni vimondo vya Geminidi, vile vya katikati ya Desemba, kwa njia ya pembe mbili: kikundi Tanga, kikundi sehemu nyingine, saa za simu zote zimewekwa za mtandao na kulinganishwa kabla, kila kimondo kinaandikwa saa yake na nyota kilizopita karibu nazo. Muheza shangazi amekubali. Pangani amepatikana kijana ambaye familia yake ni wavuvi, kwao ufukweni hakuna taa. Lushoto bado wanatafuta mtu, na anatakiwa awe na uwanja ulio wazi upande wa mashariki, maana sehemu nyingi za kule milima inaziba.